Mwosha Naye Huoshwa

Kwa miaka sita niliogesha watu bila kujiuliza hata siku moja kuogeshwa kukoje. Ndiyo kazi iliyonitoa Tanga ikanileta Ujerumani: uuguzi wa wazee, katika nyumba moja ya wazee mjini Karlsruhe. Zamu ya asubuhi nilikuwa na wazee wanane wa kuamsha, kuogesha na kuvisha kabla ya chai. Ukimaliza mmoja unakimbilia mwingine, na mikono inakwenda yenyewe kama ya mtu anayemenya muhogo huku akipiga soga.

Alikuwepo bibi mmoja wa miaka 91 aliyepiga kelele kila nilipomgusa na maji. Akizidisha namwacha, naandika kwenye fomu yake: alikataa. Siku nyingine namwogesha hivyo hivyo, mbio mbio, ili yaishe. Nilimwona mkorofi.

Mwaka 2018 mgongo ulinikamata. Wenzangu wa zamu wakachanga, na siku yangu ya kuzaliwa wakanipa bahasha yenye tiketi ya Friedrichsbad, hamamu kongwe ya Baden-Baden. Nilishukuru, lakini tumbo lilinicheza. Sifa ya mahali pale nilikuwa nimeisikia: huingii na nguo. Si ya kuogelea, si kanga, si chochote. Mimi nimelelewa na bibi ambaye hata uani, peke yake, alioga na kanga kifuani! Tiketi ikalala kabatini miezi minne. Mwishowe mgongo ndio uliokwenda kuitoa.

Nilimpigia Mama kumweleza. Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo huko mnaoga pamoja kama watoto wa chekechea? Haya mwanangu, nenda ukatibiwe. Ila picha usinitumie."

Kutoka Karlsruhe ni safari fupi ya treni, kisha basi, maana stesheni iko mbali na mji. Neno "Baden" lina maana ya kuoga, basi mji huo umejiita kuoga mara mbili. Maji yake hutoka ardhini yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 60. Warumi waliyaoga karibu miaka elfu mbili iliyopita, na magofu ya mabafu yao yamo chini ya jengo la Friedrichsbad. Jengo lenyewe lilifunguliwa mwaka 1877, na nyuma yake kuna kisa kinachonifurahisha. Mji ulikuwa ukiishi kwa kamari. Serikali ilipofunga majumba ya kamari mwishoni mwa 1872, wakubwa wa mji wakakumbuka kwamba wana maji. Mwaka 2021 UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia, pamoja na miji mingine kumi ya Ulaya yenye chemchemi za tiba.

Utaratibu wa kuoga mle unaitwa wa Kirumi na Kiayalandi. Mwayalandi aliyekusudiwa ni daktari Richard Barter, aliyejenga mabafu ya hewa kavu ya moto miaka ya 1850 kwa kuiga hamamu za Waturuki. Nilipolisoma hilo nilitua kidogo. Miaka ile ile ya Friedrichsbad, Sultani Barghash alikuwa Unguja akijenga hamamu iliyoupa mtaa wa Hamamni jina lake. Kumbe niliyokuwa nikiyaogopa kama maajabu ya Wazungu yalikuwa na ndugu yake Mji Mkongwe, tena yule wa kwetu sasa ni mkavu, watalii wanalipa kiingilio kuangalia kuta.

Nilichagua siku ambayo wanawake na wanaume walitenganishwa. Pale mlangoni unapewa shuka na ndala, basi. Kuna hatua 17, na kila hatua ina maelekezo ukutani: joto nyuzi ngapi, ukae dakika ngapi. Wajerumani hata kupumzika wanakupangia. Kwanza unaoga bomba, halafu chumba cha hewa kavu nyuzi 54, robo saa, halafu kingine cha 68. Hapo jasho lilinitoka mahali nisipojua kama panatoka jasho. Ilinijia harufu ya nyungu ya bibi, majani ya mchaichai na mwarobaini, mimi nimefunikwa blanketi najifukiza homa. Tofauti ni kwamba huku hakuna blanketi.

Hatua ya tano ndiyo iliyonibadilisha.

Ni chumba chenye vigae na vitanda vya kulala. Mama mmoja mnene, amevaa sare nyeupe ya mikono iliyokunjwa, aliniashiria nilale kifudifudi. Hakunisalimu. Alinimwagia maji ya vuguvugu, akapaka sabuni, akaanza kunisugua kwa brashi toka kisigino hadi shingo. Sikuumia, wala hakuwa mkali. Lakini pale nilipolala, shavu limebanwa kitandani, sikumwona. Nilisikia tu viatu vyake vikizunguka. Sikujua brashi itatua wapi. Akaninyanyua mkono, mkono wangu mimi, akausugua, akaurudisha kama anayerudisha kijiko mezani. Mwenzake akapita mlangoni, wakaongea juu ya ratiba ya Jumapili huku mimi nipo katikati, uchi, nimejaa povu. Hamu ya kupiga kelele ilinipanda mpaka kooni.

Nikamkumbuka bibi wa miaka 91.

Kwetu tunasema mwosha naye huoshwa, na tunasema kwa habari ya maiti. Nilihudhuria josho la shangazi yangu Tanga, nikiwa na miaka kumi na tisa. Waosha walimfunika nguo tangu mwanzo hadi mwisho, wakapitisha mikono chini ya nguo, hawakumwangalia. Yule alikuwa hajui tena nani amemshika, na bado alistahiwa. Wazee wangu wa Karlsruhe walikuwa hai, wanajua kila kitu, nami nilikuwa nawafunua kwa mkupuo mmoja, dirisha liko wazi, namwuliza mwenzangu zamu yake ya kesho ni saa ngapi.

Mama wa brashi alimaliza kwa kunipiga kofi jepesi la makalio. Nilisikia baadaye kwamba ni mazoea yao. Nilicheka kwa sauti, naye akacheka, ndipo kwa mara ya kwanza tukaangaliana.

Kisha mvuke, nyuzi 45 na 48, na madimbwi ya maji yanayopungua joto taratibu, 36, 34. Hapo mgongo ulilegea kweli. Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hata siku ya kutengana, madimbwi ya katikati ni ya wote. Nilitokea chini ya kuba kubwa lenye nakshi na nguzo za mviringo, maji ya nyuzi 28, na upande wa pili wanaume wawili wazee wakaingia kama walivyozaliwa. Nilizama hadi kidevuni. Nikangoja macho. Hayakuja. Mmoja alikuwa anaangalia dari, mwingine alikuwa amefumba. Nyumbani nilifundishwa kuinamisha macho na kuvaa stara, nikashika la nguo nikasahau la macho. Sisemi tuvue nguo. Siku ile nilitoka majini kwa kasi ya samaki, na mpaka leo siendi penye mchanganyiko. Sauna nyingi hapa huwa na siku ya wanawake, hiyo naenda: natandika taulo langu ili jasho lisiguse ubao, nanyamaza, anayemwagia mawe maji akimaliza nampigia makofi kama wengine.

Mwisho kule Friedrichsbad walinifunga blanketi kama mtoto wa arobaini, nikalala nusu saa katika chumba cha duara chenye giza. Aliyenifunga alinong'ona kwanza: "Naweza?" Neno moja. Nililia kidogo, na hakuna aliyeona.

Mgongo ulipona wiki mbili, ukarudi. Huo ni wa hospitali. Kilichobaki ni zamu ya asubuhi. Nilimwomba msimamizi wangu anipunguzie wazee kutoka wanane hadi sita, akakataa, kwa hiyo bado ni mbio. Ila taulo naziweka juu ya kipasha joto kabla sijaanza. Nasimama mahali mzee anaponiona. Nasema mkono unakwenda wapi kabla haujafika. Naosha mguu mmoja na mwili uliobaki umefunikwa, na mwenzangu akifungua mlango kuniuliza ya ratiba, namwambia baadaye.

Bibi yule alipiga kelele kwa wiki tatu zaidi. Wiki ya nne alinipa mkono mwenyewe, akausahau mikononi mwangu. Siku nyingine bado hataki. Siandiki tena kwamba alikataa. Naandika: leo hapana, na kesho asubuhi narudi kumwuliza.