Siku Saba Juu ya Mito ya Norfolk

Wazazi wengi wanaokaa Ulaya hulalamika kwamba wana wao hawazungumzi nao. Sisi pia tulikuwa miongoni mwa walalamikaji hao. Nyumba yetu huko Uingereza si kubwa, lakini kila jioni kila mmoja huingia chumbani mwake na simu yake, na maneno yetu huishia kwenye salamu tu. Kwa sababu hiyo, mwezi wa Agosti mwaka 2023, tuliazimia kuwachukua watoto wetu wawili pamoja na bibi yao, mzaliwa wa Lamu, tukae siku saba ndani ya mashua moja katika mito ya Norfolk, upande wa mashariki wa nchi hiyo. Twaisimulia safari hiyo kwa kuwa tulipata humo somo ambalo hatukulitazamia, na mwenye kutusomesha alikuwa na umri wa miaka 15.

Ni vema kwanza msomaji apate habari za mahali penyewe. Mito ya huko, kama vile Bure, Yare na Waveney, hupita taratibu katika nchi tambarare yenye matete na malisho ya ng'ombe, na kandokando yake yamo maziwa madogo ambayo Waingereza huyaita Broads. Njia za maji zinazopitika kwa chombo ni za kilomita zaidi ya 200. Kwa muda mrefu watu wengi walidhani kwamba maziwa hayo ni ya asili. Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa mimea aitwaye Joyce Lambert pamoja na wenziwe walichunguza matope yaliyo chini ya maji, wakaona kwamba kingo za zamani zimesimama wima kama kuta. Ikadhihirika kuwa yalikuwa mashimo. Watu wa kale walichimba humo mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza, ambao ukikaushwa huwaka kama kuni; kisha maji yakapanda, na katika karne ya 14 machimbo hayo yakafurika na kuachwa. Leo ni makao ya ndege na samaki.

Tulikodi mashua ya injini huko Brundall, kando ya mto Yare. Mwenye mashua alitufundisha kushika usukani na kufunga kamba, akampa kila mmoja jaketi la kuokolea, kisha akatukabidhi kijitabu cha nyakati za maji kujaa na kupwa. Binti yetu akakichukua akakisoma. Sisi hatukukifungua. Tulijiona watu wa pwani, wana wa mabaharia. Nani wa kutufundisha habari za maji katika mto wa Kiingereza?

Tulisoma dua ya kupanda chombo, tukang'oa safari. Mwendo ni wa polepole kwa amri ya sheria, kwani mawimbi ya vyombo hubomoa kingo na viota vya ndege. Tulipita korongo wa kijivu waliosimama kimya majini, na vinu vya upepo ambavyo zamani vilivuta maji kutoka mabondeni. Siku ya pili, adhuhuri, tukakuta kingo za mto zimeachwa wazi, zina tope jeusi linalong'aa. Bibi akavuta pumzi akasema, "Hapa pana harufu ya kwetu Lamu." Tukacheka, tukadhani mzee ameikumbuka nyumba yake.

Jioni hiyo tulifika kijiji cha Reedham, maji yakiwa yamejaa, tukafunga gatini. Binti yetu alifunga kamba ya omo, sisi tukafunga ya tezi, tukaikaza barabara. Akasema kwa adabu, "Baba, Mama, kijitabu chasema hapa maji hupwa usiku. Kamba yafaa ilegezwe." Tukamjibu kwamba huu ni mto, si bahari, na kwamba mtoto hamfundishi mzee kufunga chombo. Akanyamaza. Jua lilikuwa likichwa karibu na saa tatu usiku. Tukaswali Magharibi, tukala, tukalala.

Saa saba usiku tuliamshwa na kishindo cha birika na vikombe vikianguka. Sakafu ilikuwa imeinama. Maji yalikuwa yamekupwa, na tezi ya mashua imening'inia kwa kamba tuliyoikaza, huku mkondo ukivuta kwa nguvu. Fundo lilikuwa limekazana hata halifunguki. Mwana wetu mdogo alikuwa akilia. Bibi aliketi, akaamuru kila mtu avae jaketi na akae chini, kisha akasema, "Kateni!" Tukaikata kamba kwa kisu cha jikoni. Tezi ilianguka majini kwa kishindo, mashua ikayumba, ikazungushwa na mkondo, na kwa muda tulidhani tunachukuliwa gizani. Haikuchukuliwa. Kamba ya omo ilikuwa na ulegevu wa kutosha, imefungwa kama kijitabu kilivyoagiza, nayo ikatushika mpaka tukapata kufunga tena.

Hatukulala. Baada ya swala ya Alfajiri tuliketi na watoto, tukamwambia binti yetu mbele ya nduguye na bibi yake, "Wewe ulisema kweli, nasi tulikosa. Tuwie radhi." Neno hilo lilikuwa zito kinywani kuliko tulivyodhani, kwani hatukuwahi kulitamka mbele ya watoto wetu. Hakujisifu. Alimimina chai, akampa kwanza bibi yake, kisha sisi.

Tangu asubuhi hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa maji na kamba. Alituongoza katika mfereji ulionyooka uliochimbwa na kufunguliwa mwaka 1833 kuuunganisha mto Yare na Waveney, mpaka mji wa Beccles. Njiani mdogo wake alimuuliza bibi kuhusu bamvua na maji mafu, kwa Kiswahili cha kukwama kwama, na bibi akamjibu saa nzima. Jambo hilo hatukuwahi kulisikia nyumbani kwetu.

Tuliporudi nyumbani vyumba vilikuwa vilevile na simu zilezile. Lakini sasa jioni binti yetu hutoka chumbani akaketi nasi, na akisema neno, humwacha kila mtu akinyamaza kumsikiliza. Wazee walisema: kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tulilalamika miaka mingi kwamba watoto hawasemi nasi, kumbe walipokuwa wakisema tuliwanyamazisha. Mwenyezi Mungu atujaalie masikio ya kuwasikia wadogo wetu kabla maji hayajatukupwia. Amin.