Ujuzi Niliotoka Nao Langoni

Watu wakiniuliza kiwanda cha wageni kilinifunza nini, wengi hutarajia nitaje mashine. Mashine zilikuwepo, tena nzuri: cherehani za umeme zinazojikatia uzi zenyewe, ovaloki za nyuzi tano, na mashine ya vitundu vya vifungo iliyomaliza kwa sekunde chache kazi ambayo fundi wa mtaani kwetu aliifanya kwa mkono huku mteja akimsubiri barazani. Lakini si mashine iliyonibadilisha. Kilichonibadilisha ni saa ndogo ya kupimia muda, iliyoning'inia shingoni mwa msichana wa idara ya mipango aliyekuja kusimama nyuma yangu bila kusema neno.

Nilikulia Ukambani nikiamini, kama wazazi wangu, kwamba anayezalisha zaidi ni anayejituma zaidi. Bado nauheshimu moyo huo. Ila nilipoajiriwa katika kiwanda hicho cha nguo, Athi River, niliona watu wenye bidii sawa, waliokaa kwenye mashine za aina moja, laini mbili zikitazamana, moja ikitoa mashati mengi kupita ya pili kwa mbali. Nilitaka kujua kwa nini. Jibu lake ndilo limeniendeshea maisha mpaka leo.

Kwanza niseme kiwanda chenyewe kilifikaje pale. Mwaka 1990 Kenya ilipitisha sheria ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, yale tunayoyaita EPZ. Mwekezaji husamehewa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10 ya mwanzo, huingiza mitambo na malighafi bila ushuru, na kwa upande wake hutakiwa kuuza nje sehemu kubwa mno ya anachozalisha. Marekani ilipopitisha AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika, mwaka 2000, nguo za Kenya zikaruhusiwa kuingia huko bila ushuru hata kama kitambaa kimetoka Asia. Wenye viwanda wa Asia na Ghuba wakaja na mitaji yao, vitabu vyao vya oda, na watu wao wa kusimamia. Sisi tulikuja na mikono.

Kiongozi wa laini yetu alitoka Sri Lanka. Kiswahili chake kilikuwa cha kazi tu: haraka, rudia, safi, bado. Lakini alikuwa na jicho. Siku moja alinisimamisha, akaniambia, "Dada, angalia mkono, usiangalie sindano." Nikaangalia. Nilikuwa nanyoosha mkono mbali kuchukua kipande, naligeuza pindo mara mbili, kisha naweka kilichokamilika mahali ambapo mwenzangu alilazimika kuinuka kukifuata. Sindano yenyewe ilishona kwa sehemu ndogo tu ya muda wa hatua ile. Uliobaki uliliwa na kuchukua, kulinganisha, kugeuza na kuweka chini. Alisogeza meza yangu upande wa kushoto na kunifungia bati dogo la kukunjia pindo, lile ambalo mafundi huliita folda. Bati hilo bei yake haifiki hata robo ya bei ya mashine. Kazi yangu ikawa nyepesi na idadi ikapanda, wala sikuwa nimeongeza juhudi yoyote.

Pale ndipo nilipoanza kumfuatafuata yule msichana wa saa. Wakati wa chakula nilimwomba anionyeshe karatasi zake, naye, Mungu ambariki, hakunificha. Kila vazi lina dakika zake. Shati la mikono mirefu huvunjwavunjwa kuwa hatua nyingi ndogo: kola, kafu, mfuko, mabega, kwapa, pindo. Kila hatua hupimwa, muda hujumlishwa, na jumla ile ndiyo kipimo cha vazi zima. Tuseme shati linahitaji dakika 16. Wafanyakazi 40 kwa dakika 480 za siku wana dakika 19,200 mkononi, kwa hiyo kama hakuna kinachopotea wangetoa mashati 1,200. Wakitoa 600, nusu ya siku imepotea mahali fulani, na kazi ya msimamizi ni kupatafuta mahali hapo.

Mara nyingi pako kwenye hatua moja inayokawia. Anayeshona mfuko kwa sekunde 30 anaweza kutoa mifuko 120 kwa saa. Anayeunga kola kwa sekunde 60 anatoa 60. Basi mwenye mfuko hata akishona hadi jasho limchuruzike, mashati yatakayotoka ni 60 yaleyale, na atakachoongeza ni rundo la mashati yasiyo na kola. Weka mtu wa pili kwenye kola, laini nzima inafunguka. Hesabu hii ni ya darasa la nne, lakini sikuwahi kufundishwa na mtu yeyote kuitumia kwenye kazi ya mikono. Kwetu fundi hushona nguo nzima peke yake, na tija yake ni siri kati yake na cherehani.

Sitaki kukipamba kiwanda kile. Mikataba ilikuwa mifupi, mshahara uliisha kabla ya mwezi, na tageti isipofikiwa tulisimangwa mbele ya wenzetu. Tija yetu ilipanda mwaka hadi mwaka, lakini pato letu halikupanda kwa mwendo huo. Vyeo vya kupanga kazi na ufundi wa mitambo vilishikwa kwa muda mrefu na watu waliotoka nje, na Mkenya aliyekaribia kuvipata alihesabiwa mwenye bahati. Oda ilipopungua, mkataba wangu haukuendelezwa. Walinikagua mkoba langoni kama kawaida ili nisiondoke na mali yao. Niliyoyabeba kichwani yakapita bila kukaguliwa.

Nilirudi mtaani nikidhani kwamba ujuzi ukishatoka utaota popote. Karakana ya kwanza iliyonichukua ilishona sare za shule. Nikapanga laini, nikapima hatua, nikachora jedwali ukutani. Haikuchukua muda yote yakaporomoka. Uzi ulinunuliwa ukiisha, si kabla haujaisha, kwa hiyo laini ilisimama nusu siku. Umeme ulikatika bila mpango wowote wa kujiandaa. Hakukuwa na daftari la kuonyesha jana tulitoa ngapi, na mwenye karakana aliona kuandika ni kupoteza muda. Laini ya kushona ikisimama, wote husimama. Mafundi wa nguo nzima walau kila mmoja huendelea na lake. Wakarudia mtindo wao wa zamani, nami niliona wana haki. Mpango niliokuja nao ulihitaji vitu vingine chini yake: akiba ya uzi, kumbukumbu, na mtu wa mamlaka anayeamini hesabu.

Nilipojiunga na masomo ya jioni ya usimamizi wa uzalishaji, nikakuta kwamba jambo nililolipitia limeshaandikwa na watu walioliona kwingine. Mwalimu wetu alituambia habari ya kampuni ya Desh ya Bangladesh, na sijawahi kusikia hadithi ya viwanda iliyonigusa kama hiyo. Mwaka 1979 Noorul Quader, mwenye Desh, alipatana na Daewoo ya Korea Kusini. Wafanyakazi wapatao 130 wakapelekwa Busan, katika kiwanda cha Daewoo, wakafunzwa kwa miezi kadhaa kushona, kukata, kutunza mitambo, kusimamia ubora na kuuza nje. Wakati huo Bangladesh karibu haikuwa na sekta ya nguo za kuuza ng'ambo. Waliporudi, katika miaka iliyofuata wengi wao waliiacha Desh mmoja baada ya mwingine. Wengine walifungua viwanda vyao, wengine wakachukuliwa na wenye mitaji waliowahitaji. Leo Bangladesh iko karibu na kilele cha wauzaji wa nguo duniani, na China ndiyo inayotajwa mbele yake.

Nilijiuliza: mbona sisi tuliotoka Athi River hatukufanya vile? Tulikuwa wengi kuliko 130. Lakini waliopelekwa Busan hawakufunzwa hatua moja ya shati. Walifunzwa kiwanda kizima, hadi namna ya kuuza nje. Na katika miaka hiyo njia ya fedha ilifunguliwa kwao: kiwanda kiliweza kuagiza kitambaa kwa dhamana ya oda ya mnunuzi, na kukihifadhi bila kulipa ushuru kwanza. Mimi nilitoka nikijua kola, pindo, na karatasi za yule msichana aliyenihurumia. Wengi wa wenzangu walitoka wakijua hatua moja tu, waliyoifanya kwa ustadi wa ajabu, isiyowafaa popote nje ya lango lile.

Yako pia maandishi ya wanauchumi, nami niliyasoma kwa hamu kubwa kwa sababu yalinihusu. Brian Aitken na Ann Harrison walichunguza viwanda vya Venezuela na mwaka 1999 wakaonyesha kwamba mtaji wa kigeni ukiongezeka katika sekta, tija ya viwanda vya wenyeji katika sekta hiyo inaweza kushuka, kwani wageni huwanyang'anya wateja. Beata Javorcik, katika utafiti wake wa Lithuania uliochapishwa mwaka 2004, alikuta faida ikiwafikia wenyeji waliowauzia wageni malighafi na vipuri. Mwenye kununua hudai ubora, huja kukagua, hufundisha. Na Holger Görg na Eric Strobl waliangalia Ghana: viwanda ambavyo wamiliki wake waliwahi kufanya kazi katika kampuni za kigeni za sekta ileile vilikuwa na tija kubwa kuliko vingine. Uzoefu wa sekta nyingine haukusaidia.

Nilipoyasoma hayo ya Lithuania nilikumbuka bohari yetu. Marobota ya kitambaa yalitoka Asia, zipu zilitoka Asia, vifungo vilitoka Asia. Tulichokinunua hapa, kwa nilivyoona mimi, ni maboksi ya kufungia mizigo na githeri ya mchana. Kiwanda kikubwa kilikuwa kimekaa katikati yetu bila uzi wowote kukiunganisha na karakana iliyo upande wa pili wa barabara. Hili linaniuma kuliko habari ya kodi iliyosamehewa. Serikali ikimpa mgeni miaka 10 bila kodi, nataka imuulize pia: vifungo utaanza kuvinunua kwa nani hapa, na lini? Ni Wakenya wangapi wameingia idara ya mipango na karakana ya mitambo? Maswali haya yana majibu yanayoweza kuhesabiwa, na yanastahili kuandikwa katika mkataba.

Karakana niliyomo sasa iko Kitengela. Mwenyewe, ambaye sote tunamwita Mama, naye aliwahi kushona EPZ, na tofauti ilionekana tangu tulipoanza kuzungumza. Sikuhitaji kumshawishi juu ya daftari, alikuwa nalo. Tulipopanga laini ya mashati ya shule, mafundi wakongwe walikataa, na sababu yao ilikuwa nzito: walilipwa kwa kila nguo, sasa nani atahesabiwa shati lililopita mikononi mwa watu tisa? Fundi mmoja wa makamo alisema, "Mama, mimi nikishona kola tu mwaka mzima nitasahau kushona suruali." Niliyaona maneno yake kuwa kweli tupu, kwa kuwa ndiyo yaliyowapata wenzangu. Tukakubaliana mambo mawili. Malipo yawe ya kundi, kwa hesabu inayobandikwa ukutani kila jioni, na kila mtu abadilishe hatua baada ya majuma machache hadi azijue zote. Mabadilishano hayo hutupunguzia kasi kidogo. Mama anakubali hasara hiyo, nami namheshimu kwa sababu hiyo.

Msimu wa kufungua shule wa Januari uliofuata tulitoa karibu mara mbili ya mashati ya msimu wa nyuma, kwa mashine zilezile na bila kulala karakanani. Mafundi walipata zaidi, na sehemu ya pesa hizo ikanunua folda tatu. Wawili kati yao wamefanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na kupata vyeti, ili ujuzi wao uonekane hata kwa mtu asiyewahi kuwaona wakishona. Mimi mwenyewe niliacha kujiona mshonaji aliyeachishwa kazi. Sasa mtu akiniuliza kazi yangu nasema napanga uzalishaji, na nasema bila kusita.

Kinachotutatiza bado ni vitundu vya vifungo. Mashine yetu ni ya mtumba, huruka nyuzi kitambaa kikiwa kizito, na fundi mitambo wa mtaa haijui. Tumemtafuta mwenzetu wa zamani ambaye kiwandani alikuwa msaidizi wa fundi mgeni, mmoja wa wachache walioruhusiwa kuifungua mashine ile. Ataanza kuja Jumamosi, na sharti la Mama ni moja: kila anapoitengeneza, vijana wawili wa karakana wasimame karibu naye, mmoja ashike taa, mwingine aandike.