Mto mkavu unaonywesha watoto Kitui

Ukitoka Nairobi kwenda Kitui kupitia Machakos, unavuka mito mingi ambayo haina maji. Barabara inapita Masii, kisha Wamunyu, chimbuko la wachonga vinyago wa Kikamba, inavuka mto Athi na kuendelea hadi Kwa Vonza. Athi una maji. Mito mingine mingi ni mikanda ya mchanga inayojipinda kati ya migunga. Hata hivyo, mara kwa mara utaona watoto na punda wamesimama katikati ya mkanda huo na mitungi ya manjano, kana kwamba wanapanga foleni kwenye mfereji.

Maji yapo. Yako chini ya miguu yao.

Kurasa kama huu huwahimiza wazazi kila mara wawape watoto maji safi. Ni ushauri rahisi kuutoa ukiwa karibu na mfereji. Nilikwenda Kitui mwishoni mwa Septemba, kiangazi kikiwa kimekomaa na mvua ya vuli haijafika, kuona familia zinavyoyapata maji hayo pale ambapo hakuna mfereji.

Mvua ya siku chache

Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita 30,000 za mraba, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.1. Mvua huja mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Hii ya pili ndiyo wakulima wa Ukambani wanayoitegemea zaidi.

Mvua hiyo hunyesha kwa fujo, kwa siku chache. Mto unafurika kwa saa kadhaa, unang'oa miti, unakata njia ya kwenda shule, halafu maji yote yanakimbia kuelekea Bahari Hindi. Muda mfupi baadaye wanakijiji wanavuka kwa miguu mikavu.

Ukiyazuia maji hayo katika bwawa la wazi, jua linachukua fungu lake kwanza. Katika sehemu hii ya nchi, jua linaweza kukausha karibu mita 2 za kina cha maji kwa mwaka mmoja. Yanayobaki huwa makao ya mbu na ya konokono wanaoeneza kichocho. Ukichimba kisima kirefu, sehemu nyingi za Kitui hutoa maji ya chumvi ambayo mtoto huyatema.

Ukuta katikati ya mto

Jibu ambalo wenyeji wamelikumbatia ni bwawa la mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto wa msimu, ukiwa umeketi juu ya mwamba ili maji yasipenye chini yake. Mto ukifurika, hubeba mchanga na tope. Mchanga mzito huzama nyuma ya ukuta, na tope jepesi hupita juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja au kadhaa, nafasi yote nyuma ya ukuta huwa imejaa mchanga.

Mgeni akiona hivyo atadhani mradi umeharibika. Kumbe ndio umeanza kazi.

Kati ya chembe na chembe ya mchanga mna nafasi, na humo ndimo maji yanamokaa. Yakishuka takriban sentimita 60 chini ya uso wa mchanga, jua haliwezi tena kuyakausha kwa urahisi. Mbu hapati pa kutaga mayai, na konokono hana pa kuishi. Maji mengine hupenya polepole katika kingo za mto na kuinua kiwango cha maji ya ardhini, hivyo visima vifupi vya jirani huchelewa kukauka. Wataalamu huita kazi hii kujaza upya hazina ya maji ya ardhini. Mvua hupunguzwa mwendo, kisha hupewa nafasi ya kuzama.

Mwaka wa 1978, katika sehemu za Machakos, Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni, ambacho kilikuja kujulikana kwa mabwawa haya. Kitui, shirika la SASOL limewasaidia wanavijiji kujenga zaidi ya 500 tangu katikati ya miaka ya 1990. Kazi yenyewe hufanywa kwa mtindo wa mwethya, desturi ya Wakamba ya majirani kukusanyika na kusaidiana. Wanawake ndio wengi katika kubeba mawe. Juu ya vilima, mashamba hukatwa matuta ya "fanya juu" ili udongo ubaki shambani, usije ukajaza bwawa tope badala ya mchanga.

Hesabu ya mitungi

Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu. Chukua ukuta unaoshikilia mita 10,000 za ujazo za mchanga. Ikiwa robo ya nafasi hiyo ni maji yanayoweza kutekwa, hizo ni lita milioni 2.5, yaani mitungi 125,000 ya lita 20. Familia inayotumia mitungi mitano kwa siku itatumia mitungi 500 kwa siku 100. Kijiji cha familia 100 kitafika siku 250 kabla ya kuumaliza mchanga huo maji.

Hiyo ni miezi minane. Kiangazi kirefu cha Ukambani, kati ya Juni na Oktoba, kinavukika.

Si kila ukuta hufanya vizuri hivyo. Ukijengwa pasipo na mwamba, maji huvuja. Ukijengwa katika mto unaobeba tope zaidi kuliko mchanga, hautashika maji ya maana. Ndiyo maana wataalamu huanza kwa kuchomeka vyuma mtoni kupima kina cha mchanga, na kuwauliza akina mama ni wapi mashimo ya maji huchelewa kukauka. Hakuna anayeujua mto kuliko mtu aliyeuchimba kila asubuhi kwa miaka 30.

"Hili la punda"

Niliukuta mmoja wa kuta hizo bondeni, saa moja na nusu asubuhi. Msichana mwenye sare ya shule alikuwa akifunga mtungi wa pili mgongoni mwa punda ili awahi darasa. Kando yake mama mzee alikuwa amepiga magoti katika shimo la kina cha mkono, akiteka kwa kikombe na kumimina taratibu. Nilimwamkia nikimwita mwaitu, kama ilivyo heshima kwa mama wa huku, nikauliza mbona kuna mashimo mawili.

"Mwanangu, hili la punda. Lile letu," alisema, akinionyesha shimo la juu zaidi, lililozungushiwa matawi ya miiba.

Kwa mwandishi wa afya, hiyo miiba ndiyo iliyokuwa habari kubwa ya safari yangu. Mchanga huchuja maji yanapopita ndani yake, na maji yanayotoka chini huwa meupe na baridi. Lakini kuchuja si kuua vijidudu vyote. Mara shimo linapofunguliwa, kinyesi cha punda, ng'ombe au mtoto aliyejisaidia ukingoni kinaweza kuingia, na mvua ya kwanza husomba kila kitu. Maji ya shimo wazi huchafuka kwa urahisi kuliko ya kisima kilichofunikwa chenye pampu ya mkono. Kijiji kinachoweza kuchanga fedha kidogo kwa ajili ya kisima hicho, na za kununulia vipuri pampu ikiharibika, kitakuwa kimewakinga watoto kuliko kwa dawa nyingi.

Mzazi unayetumia maji ya aina hii, au ya kisima chochote kifupi, mambo haya hayana mbadala:

- Mifugo inywe mahali pake, upande wa chini wa pale watu wanapoteka.
- Choo cha shimo kikae mbali na kisima, na kisiwe upande wa juu wake.
- Mtungi uoshwe na ufunikwe. Maji safi huchafuka nyumbani kwa kikombe kinachopita mikono mingi.
- Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kabisa, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.
- Mtoto akiendesha, aanzishiwe maji ya ORS mara moja, aendelee kunyonya au kula, na apelekwe kituo cha afya apewe pia vidonge vya zinki. Akiwa mlegevu, macho yamezama, au hawezi kunywa, usingoje asubuhi.

Lori linapokuja usiku

Mchanga ule ule unaohifadhi maji ndio unaojenga Nairobi. Maghorofa yanayochomoza kila mtaa yanahitaji saruji, na saruji haishiki bila mchanga. Malori hushuka katika mito ya Machakos, Makueni na Kitui, mengine usiku, na kuuchota hadi mwamba uonekane.

Vijana wanaojaza malori hayo si wageni. Ni baba wa watoto, nao wanatafuta karo. Hapo ndipo ugumu ulipo: mchanga wa leo unalipa ada ya muhula huu, na mtoto huyo huyo atatafuta maji muhula ujao. Makueni, watu wameuawa katika mizozo ya mchanga, na mwaka wa 2015 kaunti hiyo ilipitisha sheria ya kulinda na kudhibiti uvunaji wake.

Rudi kwenye hesabu yetu. Lori lenye mita 10 za ujazo za mchanga linaondoka na nafasi ya lita 2,500 za maji, au mitungi 125. Mchanga huuzwa mara moja. Nafasi ile ingejazwa na mvua kila msimu, mara mbili kwa mwaka mvua ikiwa njema, hata watoto wa watoto wetu wateke. Baba anayeuza lori moja anauza mitungi 250 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, na si mali yake peke yake. Ni ya kijiji kizima.

Sisi wa mjini tumo katika biashara hii. Ukijenga, muulize anayekuletea mchanga umetoka mto gani na kwa kibali cha nani. Mchanga wa kusaga kutoka kwenye timbo la mawe unapatikana, na kwa kazi nyingi fundi anaweza kuutumia. Katika ploti, usisakafie kila pembe. Acha sehemu ya udongo, nyasi au kokoto ili mvua izame, maana Nairobi nayo inanyonya maji ya visima virefu kuliko inavyoyarudisha, na kila mwaka wanaochimba hulazimika kwenda chini zaidi. Maji ya paa yakusanye kwenye tangi.

Nilipoondoka, kikundi cha akina mama kilikuwa kinaziba ufa mdogo kwenye bega la ukuta. Walikuwa wakishindana na kalenda, maana mvua ya vuli ikianza mto haumsubiri mtu. Ufa ule ukiachwa, maji ya mafuriko yatapita hapo na kuondoka na mchanga wa miaka. Ukizibwa, punda watarudi Juni ijayo kwenye shimo lao, na watoto kwenye lao.