Wingi wa Wanunuzi si Mizani ya Wema



Huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, ambaye kazi yake ni msahafu na watoto, ameshika kalamu kuandika habari za kipindi cha nyimbo za Kizungu. Usistaajabu. Jambo likishapita na vumbi lake likatulia, ndipo mtu huweza kulitazama vizuri na kutoa mazingatio. Nataka tulitazame pamoja, mimi na wewe, kwani ndani yake mna jambo linalotuhusu sote wenye watoto.

Kipindi hicho kiliitwa Top of the Pops, nacho kilikuwa cha televisheni ya BBC ya Uingereza. Kilianza tarehe 1 Januari 1964 katika mji wa Manchester, ndani ya jengo lililokuwa kanisa kabla ya kugeuzwa studio. Waliokianzisha walikusudia vipindi vichache tu. Kikaendelea kwa miaka 42, mpaka tarehe 30 Julai 2006. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Kila wiki zilihesabiwa sahani za santuri zilizouzwa madukani, zikapangwa kwa wingi wa mauzo, na waimbaji ambao sahani zao zimepanda wakaletwa mbele ya watazamaji. Wimbo ulioteremka hauonyeshwi. Ule wa kwanza huwekwa mwisho, ili mtu asiinuke kitini. Katika miaka ya 1970 watazamaji walifika milioni 15 kwa wiki.

Sasa zingatia hesabu hiyo ilivyofanywa. Tangu Februari 1969 ilitegemea maduka kiasi cha 250, ambayo yaliandika daftarini kila sahani iliyouzwa, kisha daftari likapelekwa kwa posta. Maduka 250 yakasema kwa niaba ya nchi nzima! Wenye tamaa hawakukawia kuuona mlango huo. Walitumwa watu wakanunue sahani za kampuni iliyowatuma, katika maduka yale yale yanayohesabiwa, ili wimbo uingie katika orodha. Ukishaingia huonyeshwa, na ukishaonyeshwa watu huununua kwelikweli. Mwaka 1980 mambo haya yalifichuliwa hadharani, na mwaka 1983 madaftari yakaondolewa, zikawekwa mashine.

Wazee wetu walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huko kibaya kilikwenda mbali zaidi, kilijinunua chenyewe. Na hata hao waimbaji, mara nyingi walikuwa wakichezesha midomo tu, na inayoimba ni sahani.

Mimi nilikiona kipindi hiki mwaka 1983, nilipokaa miezi michache London kwa kaka yangu, aliyekuwa baharia kisha akahamia huko na watu wake. Kilikuwa kikionyeshwa usiku wa Alhamisi. Wewe wajua kwetu Alhamisi ni siku gani: chuo kimefungwa, watoto wamekoga, na nyumba nyingi husomwa Yasini kwa kuukaribisha usiku wa Ijumaa. Kule nilikuta watoto wa kaka yangu wamejipanga chini mbele ya televisheni, na baba yao nyuma yao kitini, miwani puani, gazeti mkononi, hasomi. Kila akitokea mwimbaji aliyejipaka rangi usoni, yeye huuliza, "Huyu ni mume au mke?" Nao hucheka, na wakamweleza jina lake na atokako.

Nilimwuliza, "Kaka, mbona huizimi?" Akanijibu, "Mdogo wangu, nikiizima hapa, watakwenda kuitazama kwa jirani, nami sitajua walichokiona wala walichokipenda. Afadhali niwepo." Jibu hili nimelihifadhi miaka yote hii, na huko mbele utaona kwa nini.

Orodha ile, ndugu msomaji, ilijua majina ya watu, lakini haikuwajua watu wenyewe. Februari 1974 lilisimama katika jukwaa hilo kundi la Queen, na mwimbaji wake Freddie Mercury, ambaye mamilioni walimtazama bila kujua kwamba ni mzaliwa wa Unguja, mtoto wa Kiparsi, aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Na kabla yake, mwaka 1967, kijana aitwaye Cat Stevens alifika nafasi ya pili katika orodha. Orodha haikuweza kusema kijana huyo moyoni mwake anatafuta nini. Mwaka 1977 alisilimu, akaitwa Yusuf Islam, akauacha muziki kwa miaka mingi. Na mwaka 1983 akafungua London skuli ya watoto wa Kiislamu, Islamia. Baadaye alirudi kuimba, na hayo ni yake. Lakini skuli ile ipo mpaka leo, na ile nafasi ya pili ya 1967 ilidumu majuma machache.

Ikiwa orodha haikuujua wema uliojificha, basi haikuujua pia uovu. Na hapa ndipo penye mazingatio makubwa.

Mtangazaji wa kipindi cha kwanza kabisa, mwaka 1964, alikuwa Jimmy Savile. Alitangaza kwa miaka mingi, akawa maarufu nchi nzima, akachangisha fedha nyingi za hospitali na za masikini, na mwaka 1990 Malkia akampa cheo cha heshima. Kipindi kilipofungwa mwaka 2006 alialikwa tena, na yeye ndiye aliyezima taa za studio. Alifariki tarehe 29 Oktoba 2011, akazikwa kwa sifa.

Haukupita mwaka ila kidogo, Oktoba 2012, watu wakaanza kusema. Januari 2013 ripoti ya polisi ilieleza kwamba makosa 214 yameandikwa rasmi dhidi yake, na wengi wa aliowadhalilisha walikuwa watoto. Ndani yake limo kosa lililotendeka siku ya kurekodi kile kipindi cha mwisho. Uchunguzi mwingine, uliotolewa Februari 2016, ulikuta watu 72 aliowadhuru katika kazi zake za BBC. Wapo walioingia studio kucheza, wasichana wadogo waliofurahi kupata tikiti, na wazazi wao nyumbani wakijivunia kuwaona katika televisheni.

Je, hapakuwa na aliyeshuku? Walikuwepo. Uchunguzi ulieleza kwamba watumishi walisikia na wengine walishuku, lakini waliogopa, kwa kuwa mtu yule alikuwa mkubwa na watazamaji walikuwa mamilioni. Ule wingi wenyewe ndio uliokuwa ngao yake. Na mtoto aliyesema hakusadikiwa, kwani nani atachukua neno la mtoto aliache la mtu apendwaye na nchi nzima?

Usiseme, ndugu msomaji, "Hayo ni ya Wazungu." Sisi nasi tuna orodha zetu. Tunampeleka mtoto kwa mwalimu kwa kuwa sauti yake ni nzuri na watu humsifu. Tunamwacha na jamaa kwa kuwa ni mtu wa safu ya mbele. Nami nasema haya nikiwa mwalimu, nikijua kwamba kanzu na kilemba huzuia maswali kama ule umaarufu ulivyozuia. Basi mimi nakwambia: usinitupie mtoto wako kwa jina langu. Njoo chuoni bila ya kubisha hodi. Uliza milango hufungwa saa ngapi, na nani hubaki na watoto. Mwalimu mwema hatachukia; atakushukuru. Na mtoto akirudi akasema neno zito, au akakataa kwenda bila ya kutaja sababu, usimkaripie kwa kulinda heshima ya mtu mzima. Keti chini umsikilize kwanza. Heshima ya mkubwa ikivunjika bila ya haki yaweza kurudishwa. Moyo wa mtoto ukivunjika ni kazi kubwa kuuunga.

Kipindi kile kimekwisha, lakini hesabu yake haikufa. Imehamia katika simu, ambamo kila kijana huona watu wangapi wametazama na wangapi wamependa, naye akadhani hiyo ndiyo mizani. Tena zamani televisheni ilikuwa moja, na kaka yangu aliweza kukaa nyuma ya wanawe. Leo kila mmoja ana yake, na huitazama chini ya shuka. Ndiyo maana jibu la kaka yangu sijalisahau: afadhali uwepo. Muulize mwanao anamtazama nani, na anampendea nini, na umuulize kwa uso wa kumfanya ajibu.

Kanda za vipindi vya mwanzo, vya miaka ya 1960, karibu zote zilifutwa. Na vile alivyotangaza Savile, tangu 2012 BBC imeviacha kila inaporudia vipindi vya zamani. Watoto waliodhurika wengine ni wazee sasa, nao hawakusahau.

Wabillahi tawfiq.