Inchi Mbili na Nusu

Mpwa wangu aliniomba pezi la inchi 7 na nusu, nikamkatia la inchi 10. Hakuna aliyenidanganya, wala vipimo havikupotea njiani. Alivituma kwa simu, vimeandikwa vizuri, nami nikaamua kwamba najua kuliko yeye. Naandika haya kwa sababu lawama aliibeba yeye kwa muda mrefu, na mimi nilimwacha aibebe.

Kijana anaishi Dar es Salaam. Alinunua ubao wa kuteleza mawimbini kwa mgeni aliyekuwa anahama nchi. Ubao wenyewe ulikuwa wa futi 7 na inchi 6, umeshatumika, na tumboni karibu na mkia una mfereji mmoja mrefu wa kushikia pezi. Pezi halikuwemo. Kuagiza nje ilikuwa ghali, akamkumbuka mjomba wake fundi seremala wa Same. Nilifurahi mno kukumbukwa. Huku kwetu bahari tunaisikia tu kwa wanaotoka Tanga, na kazi ya kwenda majini sikuwahi kuipata maishani.

Nyingi ya mbao hizo siku hizi zina mapezi matatu, mtindo uliosambaa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoka kwa Simon Anderson wa Australia. Ule wa mpwa wangu ni wa mtindo wa zamani zaidi. Mbao za kale za Hawaii zilikuwa tupu chini, mpaka mwaka 1935 Mmarekani Tom Blake alipoufungia ubao wake kipande cha chuma kilichotoka kwenye boti ya mwendo kasi. Pezi moja ndilo linalofanya kila kitu: linanyoosha ubao, linauzuia mkia usiteleze pembeni, na ndilo unalolizungukia unapogeuka. Ndiyo maana kipimo chake hakina mzaha. Wanaoteleza huanzia kwenye kanuni nyepesi: kila futi ya ubao, inchi moja ya pezi, ukipima kutoka tumbo la ubao hadi ncha. Kisha unamtazama mtu. Mzito anaongezewa kidogo, mwepesi anapunguziwa.

Kijana alikuwa ameifuata kanuni hiyo. Mimi ndiye niliyeiacha.

Sababu naijua. Katika useremala wa nyumba, fundi halaumiwi kwa kuzidisha mbao. Nimeezeka nyumba Mbaga na Gonja, nimeona upepo unaoshuka milimani ukibeba paa la mtu aliyebania kenchi. Kwa hiyo nilipofikiria bahari, kitu kikubwa kuliko mlima wowote, nikaona inchi 7 na nusu ni ubahili. Nilikuwa nimeona picha ya ubao mrefu wenye pezi la inchi 10. Sikujiuliza ubao ule ni wa futi ngapi. Sikumuuliza mpwa wangu ana kilo ngapi. Nilijiambia namzidishia usalama.

Kazi ya mkono niliifanya vizuri, na hilo lilizidi kunipofusha. Nilichagua mninga mkavu uliobaki kwenye kazi ya milango, kwa kuwa hauvimbi ovyo ukilowa. Nyuzi za mti nikazielekeza kutoka shinani kwenda nchani, maana zikilala kwa upana pezi litakatika kama biskuti. Nikalipiga randa pande zote mbili sawasawa, nene karibu na ukingo wa mbele, likipungua taratibu mpaka ukingo wa nyuma ukawa mwembamba wa kupitisha mwanga wa jua pembeni. Msasa mkali, msasa laini, kisha faiba na resini, tabaka juu ya tabaka. Nilipolipakia kwenye basi nilikuwa na uhakika hakuna pezi zuri kama lile Tanzania nzima.

Wakati wa kusi nilishuka Dar, tukaenda Coco Beach. Nikaona kwa macho yangu. Wimbi lilimwinua, akasimama vizuri, ubao ukaenda moja kwa moja kuelekea ufukweni. Akalalia upande wa kulia, ubao haukusikia. Akakandamiza kwa kisigino mpaka mwili wote ukapinda, ubao ukaendelea na safari yake, yeye akadondoka ubavuni. Ikawa hivyo kila wimbi. Alitoka majini akihema, akaniambia, “Mjomba, umeona mwenyewe. Pezi zuri, ila miguu yangu ni mizito, sina kipaji.” Akaenda kununua madafu.

Kijana mwingine aliyekuwa amekaa karibu yetu aliugeuza ubao, akalipima pezi kwa shubiri. “Mzee, hili ni la ubao wa futi 9 na zaidi,” akasema. “Na huyu ndugu yetu hata kilo 60 hafiki. Atalilaza na nini?” Akanieleza kwamba kugeuka ni kuulaza ubao ubavu, na pezi refu maji hulikaba pande zote mbili mpaka chini kabisa. Mtu wa kilo 90 atalishinda kwa uzito wake. Mwepesi atasukuma mpaka achoke. Hata kulisogeza mbele kwenye mfereji, jambo linalolainisha kugeuka, kungesaidia kidogo tu.

Nilielewa papo hapo. Mpwa wangu akarudi na madafu, akaniuliza tulikuwa tunaongea nini. Nikamwambia, “Tulikuwa tunasifia ubao.” Njiani kurudi Kinondoni nikamwambia akaze moyo, atazoea.

Kosa la kupima ningeweza kulisamehe kwa mtu yeyote. Hili la pili ndilo linaloniuma. Nilikuwa na jibu la shida yake mdomoni, nikalimeza ili mninga wangu uendelee kusifiwa.

Akaendelea nalo msimu ule wote. Pwani ya Dar, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na jioni moja yalikuwa yamekupwa kuliko alivyodhani. Ncha ya pezi iligonga mwamba. Pezi lenyewe halikuvunjika, nililikaza mno. Nguvu yote ikaishia kwenye mfereji, ukapasuka. Alilipa mwenyewe kuuziba. Akanipigia simu kuniomba radhi kwa kuharibu kazi yangu, akasema anafikiria kuuza ubao.

Radhi ile sikuweza kuipokea. Nikamwambia yote: kipimo, yale maneno ya Coco Beach, na uongo wangu. Alikaa kimya, halafu akasema, “Mjomba, ungeniambia siku ile.” Hakupandisha sauti. Nilimkatia lingine, inchi 7 na nusu kama alivyotaka mwanzo, na sasa ubao unageuka.

Lakini kuna watu ambao bado wana maneno yangu. Kwenye harusi ya ndugu yetu hapa Same, mama yake, ambaye ni dada yangu, aliniuliza kijana anaendeleaje na bahari yake. Nikamjibu mbele ya meza nzima kwamba watoto wa mjini hawana subira, wakishindwa wanasingizia vifaa. Dada, na wote mliokuwa mezani: hakusingizia kitu, hata siku moja hakulilaumu pezi. Alirudi majini kila bahari iliporuhusu, akiwa na kifaa nilichokikosea mimi, akajilaumu mwenyewe. Gharama ya kuziba mfereji nimeshamrudishia. Maneno ya harusini ninayafuta hapa, na nitakuja kuyafuta nyumbani kwako pia, naye akiwepo.