Samaki wa birika la Lamu

Mgeni anayeingia nyumba ya kale mjini Lamu hupita dakani, akakata kona, ndipo akaibukia kiwandani, ua usio na paa katikati ya nyumba. Nje jua linachoma. Ndani, kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, kuna ubaridi. Lakini ajabu ya nyumba hizi haipo sebuleni, ipo msalani.

Huko kuna birika la kujengea, linalojazwa maji ya kisima na kuchotwa kwa kata. Sakafuni mwake mafundi walizamisha bakuli la kauri kutoka China. Si pambo. Birikani walifugwa samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu, na maji yalipokwisha samaki walibaki bakulini wakisubiri birika lijazwe tena.

Kwa watu wa pwani hilo si jambo dogo. Maji yaliyotuama huzaa mbu, na miongoni mwao wamo wanaoeneza matende na mabusha. Leo nyumba nyingi zina tangi la plastiki. Tangi halina ubaya, mradi lifunikwe. Likiachwa wazi, halina samaki wa kulilinda.

Na maji yenyewe? Mengi hutoka Shela, nje kidogo ya mji, kwenye vilima vya mchanga. Mvua ikinyesha, mchanga huyachuja na kuyahifadhi chini, yakaelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Ndiyo maana nyumba za kifahari zinazosogea kwenye vilima hivyo huwatia wenyeji wasiwasi: saruji huzuia mvua kuzama, na maji machafu ya vyoo huingia palepale kisima kinapotegemea.

Lamu iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni huja kutazama milango. Vilima havina nakshi, hupigwa picha za machweo tu.

Kwa familia inayopanga kujenga, choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani. Katikati ya mji wa Lamu, ambako punda wawili hupishana kwa shida, nafasi hiyo haipatikani. Huko maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama kisima alikichimba babu.