Maelekezo ya London, Joto la Kisumu

Matatizo mengi ya sabuni ninayoulizwa kutoka Kisumu yana chanzo kimoja: mtengenezaji amefuata maelekezo yaliyoandikiwa jiko la watu wengine. Maelekezo yenyewe si mabaya. Nimejifunza kwayo hapa London, na sabuni yangu hutoka vizuri. Ila aliyeyaandika ana jiko lenye nyuzi 18 mwezi wa Novemba, bomba lake linatoa maji yenye chokaa, kostiki yake, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, imefungwa barabara na mizani yake inasoma gramu moja. Ukiyapeleka mitaa ya Kisumu kama Nyalenda au Dunga jinsi yalivyo, sabuni inakataa, halafu mama aliyetumia pesa za chama anaambiwa kwamba hana mkono wa sabuni. Mkono anao. Asichokuwa nacho ni maelekezo yanayolijua Ziwa Victoria.

Tuanze na joto, maana ndilo linaloharibu sabuni nyingi za kipande huko nyumbani. Huku Uingereza, mchanganyiko ukishamiminwa kwenye kalibu hufunikwa kwa taulo au blanketi. Mafuta yanapokutana na kostiki hutoa joto lao wenyewe, na chumba cha baridi hulinyonya joto hilo kabla kazi haijaisha. Sabuni iliyoachwa wazi wakati wa baridi hutoka na unga mweupe juu, na pengine kiini chake hubaki laini kwa siku kadhaa. Ndiyo maana mafundi wa huku husisitiza: funika, iache saa 24. Sasa ichukue amri hiyo uipeleke chini ya bati la Kisumu, saa nane mchana mwezi wa Februari, nje kukiwa na nyuzi 30 na zaidi. Waya wangu, dada yake baba, alinipigia simu ya video kunionyesha sabuni iliyopasuka mgongo, imevimba katikati, mafuta yanachuruzika pembeni. Alikuwa ameifunika vizuri kwa blanketi, kama karatasi ya mafunzo ilivyomwagiza. "Nyathina (mwanangu), hii kitu inachemka yenyewe," aliniambia, na ndivyo ilivyokuwa hasa.

Kisumu sabuni haifunikwi. Mimina alfajiri au baada ya jua kutua. Acha maji ya kostiki yapoe mpaka ukigusa nje ya ndoo usione moto. Tumia kalibu fupi, kwa sababu bonge kubwa hutunza joto katikati kwa muda mrefu, na ziinue juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini. Ukitia maziwa au asali, ongeza tahadhari maradufu: sukari iliyomo hupandisha joto zaidi na kuibadilisha sabuni rangi ikawa ya kahawia.

Ule unga mweupe wa juu nao huonekana Kisumu mara mojamoja, na watu huudhania kuvu. Ni kostiki ya juu iliyokutana na hewa ukaa ikageuka magadi. Hauna madhara, kwangua kwa kisu uendelee. Lakini kama weupe umeingia hadi ndani na sabuni inamegeka ukiikata, hilo ni jambo jingine kabisa: kostiki imezidi, na sabuni hiyo isiguse ngozi ya mtoto wala ya mtu mzima.

Halafu kuna sufuria. Jambo hili halielezwi vya kutosha katika maelekezo ya huku, kwani jikoni mwao vyombo vya stenlesi ni vya kawaida. Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Kostiki hula alumini, na inapoila hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huwaka. Mchanganyiko hufanya povu na kuwa wa kijivu, sufuria hutoboka, na mtu aliyeinama kukoroga huvuta mvuke unaounguza koo. Tumia ndoo nzito ya plastiki au chombo cha stenlesi, na mwiko wa plastiki ngumu. Maji yatangulie, kostiki ifuate kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki yanaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni. Vaa glavu na miwani ya kinga. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika nyingi. Siki ni ya kufutia meza, haipakwi kwenye ngozi iliyoungua.

Nikiulizwa ni kifaa gani kimoja kinachoitenganisha sabuni ya huku na ya kule, nitasema mizani. Wala simaanishi mizani ya bei kubwa. Ile ndogo ya jikoni ya betri inatosha. Kisumu kostiki hupimwa kwa vijiko na mafuta kwa mkebe, na pale soko la Kibuye mkebe wa gorogoro unatawala kila kitu kuanzia mahindi hadi omena. Kwa mahindi unafaa sana. Kwa sabuni haufai, kwa sababu kijiko cha kostiki ya vipande bapa hakina uzito sawa na kijiko cha ile ya punje, na kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki. Kilo moja ya mafuta ya nazi hudai gramu 183 hivi ili yote yageuke sabuni. Mawese hudai karibu gramu 142, mafuta ya ng'ombe huwa papo hapo karibu na mawese, na alizeti hudai kama 135. Mafundi hupunguza asilimia 5 ya kostiki ili yabaki mafuta kidogo ya kulainisha ngozi.

Sasa tazama linalotokea mafuta ya nazi yakikosekana dukani na mtu akaweka alizeti bila kubadilisha kitu kingine. Kipimo cha nazi, baada ya kupunguza, ni gramu 174 za kostiki. Alizeti itachukua 135 na kuacha karibu gramu 40 za kostiki tupu ndani ya sabuni. Hiyo ndiyo sabuni inayounguza mikono, kisha watu wakaulaumu mkono wa mpishi. Ukitaka kianzio cha kilo moja kinachofaa kwa bei za Kisumu: mawese au mafuta meupe ya mgando ya mawese gramu 500, nazi 300, alizeti 200. Kostiki yake ni gramu 145, na maji gramu 290. Ukibadilisha mafuta yoyote, piga hesabu upya.

Kuna wakati hesabu ni sahihi lakini sabuni bado inabaki laini na yenye mafuta. Hapo nashuku kostiki yenyewe. Hapa London ninainunua katika chombo kilichofungwa, na kiwango cha usafi kimeandikwa ubavuni. Kwa sheria ya silaha za hatari ya mwaka 2019, ni kosa kumuuzia kemikali kali kama hiyo mtu aliye chini ya miaka 18. Nyumbani kostiki huchotwa kutoka gunia lililoachwa wazi, ikatiwa kwenye mfuko mwembamba wa plastiki. Kostiki hunyonya unyevu wa hewa kwa uchu, na hewa ya kandokando ya ziwa ina unyevu mwingi. Baada ya muda, sehemu ya kile unachopima ni maji na sehemu nyingine imekwisha kuwa magadi, na magadi hayageuzi mafuta kuwa sabuni ya maana. Kama vipande vimeshikana au vimelowa, usinunue. Ukinunua vizuri, hamishia mara moja kwenye chupa nzito ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, uiandike kwa herufi kubwa na kuiweka mahali watoto hawafiki.

Mafuta ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na hapa watu wa ziwa wametuzidi sisi wa huku kwa mbali. London mazungumzo ni zeituni na siagi ya shea. Ziwa lenyewe lina mawese yake: visiwa vya Kalangala, upande wa Uganda, vina mashamba makubwa ya michikichi. Tena lina mbuta. Obunga, pale Kisumu, akina mama kwa miaka mingi wamekaanga migongo wazi, yale mabaki ya mbuta yanayotoka viwandani baada ya minofu kukatwa. Mafuta hubaki kwenye karai, na swali la kama yanaweza kuwa sabuni ni swali la busara. Yanaweza. Tatizo ni kwamba mafuta ya samaki huchacha upesi, hasa yakishakaangiwa mara nyingi. Sabuni inatoka nzuri, halafu baada ya wiki kadhaa inatoa madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya samaki inarudi, hata kama ulitia manukato.

Ushauri wangu ni kuyachuja kwa kitambaa, kuyachemsha pamoja na maji yenye chumvi, kuyaacha yapoe na kuondoa mafuta ya juu, ikibidi mara mbili. Kisha yasizidi sehemu moja kati ya tano za mafuta yote. Zilizobaki ziwe mawese na mafuta ya ng'ombe, ambayo huipa sabuni ugumu. Ile ziada ya mafuta ya asilimia 5 ishushe hadi 2 au 3, maana mafuta yasiyogeuka sabuni ndiyo yanayochacha. Sabuni hiyo ni ya kufulia. Kwa kufulia ni nzuri kweli.

Kuhusu maji, Kisumu ina neema ambayo wengi hawaijui. London tunaishi juu ya mawe ya chaki, na maji yetu ni magumu: birika hushika gamba jeupe, na sabuni huacha utando wa kijivu bafuni kwa sababu kalsiamu inaikamata kabla haijatoa povu. Mafundi wa huku huongeza mafuta ya nazi ili povu lipatikane kwa nguvu, na huchanganyia kostiki kwenye maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa chupa. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, na yale ya bomba yaliyosafishwa pale Dunga hutoa povu bila kubembelezwa. Kwa hiyo huhitaji nazi nyingi, ambayo ni ghali Kisumu na ikizidi hukausha ngozi. Wanaochota kwenye visima vifupi vya Manyatta na Nyalenda wawe waangalifu, kwani maji ya visima mara nyingi yana chumvichumvi. Ya mvua yanashinda yote, mradi ile ya kwanza inayoosha vumbi la bati iachwe ipite.

Mvua hiyohiyo ina usumbufu wake. Masika, kati ya Machi na Mei, sabuni iliyokwisha kauka hutoa jasho, matone madogo juu yake. Ni gliserini inayovuta unyevu hewani, sabuni haijaharibika. Huku wakati wa baridi mitambo ya kupasha nyumba hukausha kila kitu, hata midomo. Kisumu panga vipande kwenye rafu zenye nafasi, vifunge kwa karatasi badala ya plastiki, na uvipe wiki nne hadi sita. Najua wiki sita ni ndefu kwa mtu anayedaiwa karo. Lakini sabuni changa huyeyuka kwenye karai siku ya kwanza, na mteja wa Kibuye hatasahau.

Sabuni ya maji, ambayo kwa kweli ndiyo inayouzwa zaidi na vyama vyetu, ina makosa mawili ninayokutana nayo daima. La kwanza ni chumvi. Ungarol, kile kiungo kikuu cha povu, hukolea ukiongeza chumvi, lakini kuna kilele. Ukikipita, sabuni hurudi kuwa maji, na mtu huongeza chumvi zaidi akidhani haijatosha. Iyeyushe chumvi pembeni, itie kidogo kidogo, na ukiona sabuni imekaa unavyotaka acha hapo. Ikishapita kilele, iokoe kwa kuongeza maji na ungarol. La pili ni kunuka baada ya wiki mbili tatu, na hilo hutokana na maji yasiyochemshwa na mitungi iliyotumika bila kuoshwa. Kuna wanaotia fomalini ili isinuke. Nawaomba waache. Fomalini hutoa gesi inayosababisha saratani, na mama anayekoroga ndoo kila siku ndiye anayeivuta kwanza.

Manukato ya sabuni ya maji yasitiwe kwenye sabuni ya kipande bila kujaribiwa. Yenye kileo, na mafuta ya karafuu pia, yanaweza kuigandisha ghafla mikononi mwako kabla hujaimimina.

Kwa upande wa sheria, Uingereza hairuhusu kuuza hata kipande kimoja cha sabuni ya kuogea bila ripoti ya usalama iliyosainiwa na mtaalamu aliyefuzu. Ni gharama, ila huulipia mchanganyiko mmoja na kuutumia miaka. Kenya tuna alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la nchi, na chama kinachotaka kuingia supamaketi lazima kiipate. Naona ni heri kuusajili mchanganyiko mmoja ambao mmeupima kwa gramu kuliko kuwa na aina kumi ambazo kila mwezi zinatoka tofauti.

Iliyoharibika isitupwe. Hapa London nimeona watu wakitia kwenye pipa la taka kilo nzima za mafuta mazuri. Sabuni iliyojaa kostiki huweza kusafishwa kwa njia ya viwanda vya zamani: ikune, iyeyushe kwa maji juu ya moto mdogo katika chombo cha stenlesi, kisha tia maji yaliyoshiba chumvi. Sabuni hupanda juu kama mgando, na kostiki iliyozidi hubaki chini pamoja na gliserini. Iondoe, rudia mara moja, ikande kwenye kalibu. Njia hii hufaa sabuni ya mawese na ya mafuta ya ng'ombe. Yenye nazi nyingi hukataa, kwani sabuni ya nazi huyeyuka hata kwenye maji ya chumvi. Na yale maji ya chini yasimwagwe kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Yazimue kwa maji mengi, vaa glavu, uyasugulie sakafu ya choo.